Sanaa ya Tao Iwekwe Kwa Bajeti

Wacha niseme kitu ambacho najua kitaniletea maneno. Ule ukuta uliopigia picha wikendi, wenye simba wa rangi ya zambarau na maua, huenda aliyeuchora alirudi nyumbani kwa mguu. Wewe ulivaa raba safi, ukaegemea, ukapiga picha, laiki zikaingia. Yeye alipewa "asante sana bro, hii itakufungulia milango."

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa pale na kamera yangu.

Mwaka jana kulikuwa na mradi fulani wa kurembesha uchochoro mmoja huku chini tao. Sitaji waliouleta, maana hii si posti ya kuchomana. Beshte yangu, mchoraji wa Eastlands, alipewa ukuta mmoja. Akapiga kazi siku 9, jua na mvua. Mimi niliitwa siku ya uzinduzi tu, nitoe video ya dakika moja. Siku hiyo kulikuwa na tenti, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, spika mbili kubwa, maji ya chupa, fulana zenye nembo, na mgeni wa heshima aliyechelewa masaa mawili. Mimi nililipwa 8,000. Beshte yangu alipewa nauli, lanchi na fulana mbili.

Nilimuuliza mratibu imekuwaje. Alinijibu kwa upole kabisa, bila ubaya: "Wewe ulikuwa kwa bajeti ya matangazo. Yeye hakuwa na kifungu."

Hakuwa na kifungu. Mradi wa michoro, na mchoraji hana kifungu! Tenti ina kifungu. Maji ya chupa yana kifungu. Tuligawana ile 8,000 nusu kwa nusu, tukaenda kula chapo na madondo. Miezi saba baadaye nilipita hapo nikakuta ukuta umepakwa rangi moja kutoka juu hadi chini, na juu yake tangazo. Hakuna aliyempigia simu kumwambia.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama Nairobi ina wasanii. Wako, tena wengi. Swali langu ni moja: nani huandika ile karatasi inayosema pesa ziende wapi, na huiandika lini?

Kabla sijaacha chuo nilisomea ukadiriaji majenzi kwa miaka miwili. Karo ilikataa, nikatoka, hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini kitu kimoja nilitoka nacho ni kusoma BQ. Kwa wasiojua, BQ ni orodha ya kila kitu kinachoingia kwenye jengo na bei yake: saruji, misumari, vioo, hata vitasa vya milango. Mwalimu wetu alikuwa anasema kitu kisicho kwenye BQ hakipo duniani. Nimepitia BQ nyingi. Sijawahi kuona mstari wa mchoro.

Sasa twende tao tuangalie kilichopo. Kenyatta Avenue kuna sanamu za askari na wabeba mizigo Waafrika waliotumikishwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ziko hapo tangu 1928. Hao wabeba mizigo, Carrier Corps, ndio walioacha jina la Kariokor. Barabara hiyohiyo ilikuwa inaitwa Delamere Avenue na ilikuwa na sanamu ya Lord Delamere, mlowezi mkubwa. Uhuru ulipofika 1963, ikang'olewa ikapelekwa shambani kwao Soysambu. KICC kuna Mzee Jomo Kenyatta ameketi, kazi ya mchongaji Mwingereza, James Butler. Dedan Kimathi alisimamishwa kwenye mtaa wa jina lake Februari 2007, miaka 50 tangu wakoloni wamnyonge. Tom Mboya akapata yake 2011, Moi Avenue, karibu na pale alipopigwa risasi Julai 1969. Na ule mnara wa Mau Mau pale Uhuru Park uliozinduliwa 2015? Ulifadhiliwa na serikali ya Uingereza, baada ya wazee wetu kuishtaki kwa mateso ya miaka ya dharura.

Ona mpangilio wake. Kila sanamu ilikuja wakati kuna mkubwa anayetaka kusema kitu, na mkubwa huyo ana pesa. Mkoloni akitaka kusifu mlowezi, pesa zinapatikana. Serikali ikitaka kukumbuka shujaa, pesa zinapatikana. Uingereza ikitaka kumaliza kesi, pesa zinapatikana. Sisemi sanamu ni mbaya. Kimathi mimi humpigia saluti kila nikipita. Nasema hizo ni pesa za tukio. Tukio likiisha, pesa zimeisha, na hakuna anayejua ni nani wa kuosha sanamu mwaka ujao.

Halafu angalia ziko upande gani. Wote mnajua tao ni mbili. Kuna tao ya juu, yenye mabenki na kahawa ya 400. Kuna tao ya chini, ukivuka Tom Mboya Street kwenda River Road, Luthuli, Accra Road, Kirinyaga Road. Hesabu sanamu ukiwa juu. Ukishuka, mimi sijaona hata moja. Huku kwetu sanaa ni maandishi ya mkono kwenye maduka, mabango ya manabii, na nganya.

Na hapo kwa nganya ndipo nataka usimame kidogo, kwa sababu nganya imejibu maswali ambayo ofisi zetu zimeshindwa kujibu. Nganya ni sanaa ya umma. Inazunguka mji mzima na huhitaji tiketi kuitazama. Mwenye nganya hupanga pesa ya graffiti mapema, hata kabla gari halijapata siti, kwa sababu anajua vijana wataruka gari tupu wangojee lenye mchoro. Anamlipa mchoraji, maana mchoro mbovu ni hasara yake mwenyewe. Na rangi ikichujuka anarudisha gari gereji lifanywe upya, la sivyo abiria watahamia kwa jirani. Mpango, malipo, matunzo, vyote vitatu viko. Serikali ilizima mambo hayo 2004 na zile sheria za Michuki, ule mstari wa manjano mnaukumbuka kwa picha za zamani. Miaka mingine ikapita Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu tena. Michoro ikarudi haraka kwa sababu wanaoilipia walikuwa bado wapo.

Ukuta hauna abiria. Huo ndio ugumu wake. Hakuna anayelipa nauli kuangalia ukuta, kwa hivyo lazima pesa zake zitoke kwa mfuko wa wote. Na kuna miji iliyokaa chini ikapanga jambo hili zamani sana. Philadelphia, Marekani, ilipitisha sheria 1959: mji ukijenga kitu chake, sehemu ya gharama, hadi asilimia 1, inaenda kwa sanaa. Chicago ikafuata 1978, nao wakaweka asilimia yao. Ufaransa ilikuwa na asilimia yake 1 tangu 1951, ikianzia na majengo ya shule. Wazo lenyewe ni rahisi hadi linaudhi. Hungoji tukio. Hungoji mfadhili. Ukijenga soko, mchoro uko ndani ya BQ ya soko, kama vile mlango uko ndani.

Philadelphia walifanya lingine ambalo nalipenda zaidi. Mwaka 1984 mji ulikuwa unapigana na vijana wa graffiti. Wakamwajiri msanii, Jane Golden, aende kuongea na vijana walewale, wapewe kuta na kazi badala ya kufukuzwa tu. Mradi huo umekuwa ukikua tangu hapo, na mji sasa una michoro ya ukutani kwa maelfu. Hebu fikiria kanjo wakifanya hivyo. Wakukute na kopo la rangi saa nne usiku, halafu wakuulize una nafasi Jumatatu.

Utaniambia hiyo ni Marekani. Sawa, turudi kwetu tusome Katiba yetu ya 2010. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, ile orodha ya kazi za kaunti. Shughuli za kitamaduni na burudani za umma ziko hapo, ni kazi ya kaunti. Sasa soma mstari mwingine kwenye orodha hiyohiyo: kudhibiti matangazo ya nje. Yaani mabango. Mwenye jukumu la utamaduni ndiye mwenye jukumu la mabango! Kila bango kubwa linalokukodolea macho kwenye mzunguko wa barabara linatakiwa kulipiwa ada kwa kaunti. Mji unakodisha macho yetu kwa kampuni za soda na kamari, na hakuna kosa. Mimi naomba tu sehemu ndogo ya hiyo doo irudi ukutani kama kitu ambacho hakituuzii chochote.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hukimbia. Chukua kaunti inajenga soko la shilingi milioni 100. Asilimia 1 ni milioni moja. Itafanya nini? Nimeandika BQ ndogo ya ukuta mmoja, urefu mita 20, kimo mita 6. Hiyo ni mita za mraba 120. Bei ni makadirio yangu mwenyewe, kwa hivyo fundi akiona nimepunja anisahihishe:

Kukwangua, kuosha na kuziba nyufa: 40,000.
Rangi zote, za ndoo na za kopo, pamoja na vanishi: 110,000.
Kukodi vyuma na mbao za kupandia: 50,000.
Wasanii 3, siku 12, kila mmoja 5,000 kwa siku: 180,000.
Kuchora rasimu na kukaa na wenye maduka waseme wanataka nini: 60,000.
Bima na vibali: 30,000.

Jumla 470,000. Usimalizie hapo, kwa sababu hapo ndipo wote humalizia halafu ukuta unakuwa aibu. Ongeza 30,000 kila mwaka kwa miaka 5, za kuosha na kurudishia rangi. Hiyo ni 150,000. Sasa tuko 620,000, na kwenye ile milioni bado kuna 380,000 za ukuta mdogo upande wa pili au taa ya kuumulika usiku. Watu watatu wamelipwa kama mafundi. Mchoro una miaka mitano ya uhai. Tenti sijaiweka. Mgeni wa heshima akija atasimama kwa jua kama sisi.

Nilimsomea mathe hesabu hii. Mathe huuza viatu vya watoto River Road, na yeye si mtu wa kubebwa na maneno.

"Mchoro utafukuza kanjo?" akaniuliza.

"Hapana, mathe."

"Basi waanze na choo. Mtu anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa mbili usiku, anatafuta choo kama anayetafuta dhahabu. Picha baadaye."

Hilo ndilo jibu ambalo kila mtu anayependa sanaa anafaa kulisikia kwanza, na mathe wangu ana haki. Lakini ona vile asilimia inafanya kazi. Hakuna siku utaambiwa uchague kati ya choo na mchoro. Choo kikijengwa cha milioni 3, shilingi 30,000 zinaenda kwa ukuta wake. Hapo hupati simba mkubwa, unapata maandishi mazuri na rangi moja kali, lakini unapata. Kama hawajengi choo, hakuna asilimia ya kuchukua. Anayedai sanaa kwa njia hii analazimika kudai choo pia. Nilipomweleza hivyo akafikiri kidogo, akasema, "Wachore kitu kinaonekana kutoka stage basi. Mteja nikimwambia niko karibu na choo, anakata simu."

Hiyo sentensi moja ina mpango kuliko vikao vingi vya hoteli. Mathe anataka alama. Huku chini tao, ambapo kila duka linafanana na jirani na ghorofa moja ina vibanda arobaini, mchoro mkubwa ni anwani. "Shuka, tembea hadi kwa kifaru, mimi niko mkono wa kushoto." Lazima waulizwe watu kama yeye kabla ya rangi kununuliwa. Ndiyo maana kwenye BQ yangu nimeweka 60,000 za kukaa na wenye maduka, na hizo ndizo pesa ambazo sitakubali zipunguzwe.

Kuna hofu nyingine, na hii ni yangu mimi. Pesa za kaunti zikiingia kwa sanaa, si tutaamka na kuta zote zina uso wa mheshimiwa anatabasamu? Tunajua viongozi wetu. Ambulansi ina sura yao, tangi la maji lina sura yao. Na sanaa kali zaidi niliyoisoma kuhusu tao yetu haikuwa na kibali cha mtu. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa graffiti walichora usiku wanasiasa kama tai wala mizoga. Mji ukaamka ukaona. Hakuna ofisi ingelipia hiyo.

Kwa hivyo sitaki sanaa yote ya tao iwe ya bajeti. Ile ya usiku iendelee kuwa ya usiku. Lakini ile ya mchana, kwa soko, stendi na maktaba, iwe na sheria zake zimeandikwa. Anayechagua mchoro asiwe ofisi ya gavana. Iwe kamati ya wasanii, wafanyabiashara wa mtaa huo na mtu wa mipango miji, na majina yao yabandikwe. Hakuna picha ya kiongozi aliye madarakani, wala rangi ya chama. Msanii alipwe kwa awamu: asilimia 40 kabla ya kopo kufunguliwa, 40 kazi ikifika katikati, 20 ikiisha. Wakandarasi wakubwa hungoja kulipwa na kaunti hadi mvi ziote, na sisi hatuna hizo nguvu za kungoja. Na kabla ya mchoro kufutwa, msanii apewe notisi ya maandishi, siku 60. Sheria yetu ya Hakimiliki tayari inampa haki ya kutambuliwa kwa kazi yake na kupinga ikiharibiwa. Mkataba wa ukuta uanzie hapo.

Najua mnaniuliza, sasa sisi tufanye nini. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha, kizazi chetu hichi walichosema hakisomi. Tulijua kurasa, tulijua asilimia, tuliwafafanulia wazazi wetu kwa lugha za nyumbani. Mswada ukaondolewa, na wenzetu hawakurudi nyumbani. Sitaki kuutaja kama mtu anayetafuta laiki. Nataka kusema tu kwamba kusoma tunajua. Bajeti ya kaunti ina karatasi zake na tarehe zake, na ziko kwa sheria ya fedha za umma ya 2012. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwa bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia Aprili 30, makadirio yenyewe. Julai 1 mwaka mpya wa pesa unaanza, na kama hukuwa kwa karatasi hadi hapo, umekuja na sahani harusi imeisha. Na Katiba inalazimisha bunge la kaunti kusikiliza wananchi kwenye hiyo safari. Vikao hivyo vipo. Mara nyingi wanaokwenda ni wazee wachache na wale waliopelekwa na mheshimiwa.

Wachoraji, na nyinyi msajili kikundi au kampuni. Kuna AGPO, mpango wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Watu wanauza serikali karatasi na sabuni kwa huo mlango. Kwa nini tusiuze michoro?

Halafu chagua ukuta mmoja. Mmoja tu, unaoujua. Upime kwa hatua zako, hesabu mita, uliza bei ya rangi, andika nusu ukurasa, weka mstari wa wasanii juu kabisa na mstari wa matunzo chini yake. Piga chapa nakala tatu: moja kwa MCA wako, moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja ubaki nayo na muhuri wa kupokelewa. Omba muhuri. Usiondoke bila muhuri. Mimi na beshte yangu tumeshaandika yetu, ni ukuta wa River Road unaoonekana kutoka stage, na mathe ameshasema anataka kifaru.